Breketi ya TV ya bei nafuu isiyodondoka: mwongozo kamili kwa nyumba za Arusha na Moshi

TV ikidondoka ukutani, mara chache kosa ni la breketi. Kinachoachia ni ukuta: plagi, ile ya plastiki inayoshika skrubu ndani ya tundu, imechomoka, lipu imebanduka, tofali limemeguka. Chuma chenyewe unakikuta sakafuni kizima, skrubu zikiwa bado zimo kwenye matundu yake. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii dukani, unaanzia ukutani. Ukishaujua ukuta wako, breketi ya bei ya chini inatosha kwa nyumba nyingi, na hela unayookoa unaihamishia kwenye plagi na bolti, ambako ndiko usalama ulipo.

Ujue ukuta kabla ya kutoa hela

Nyumba zetu hazifanani. Njiro au Shanty Town utakuta tofali za saruji zilizopigwa lipu na kupakwa rangi vizuri. Ukipanda Machame, Kibosho au Marangu, nyumba za mbao bado zipo. Fremu za maduka na ofisi za mjini mara nyingi zimegawanywa kwa jipsamu. Zipo pia nyumba za tofali za kuchoma, na za tofali mbichi zilizofunikwa lipu ya saruji, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na za bloku.

Anza kwa kugonga na kifundo cha kidole. Ukuta mzito unajibu kwa sauti fupi iliyokufa, na kidole kinauma. Jipsamu na mbao zinatoa mlio wa ndani mtupu. Lipu iliyoachana na tofali nayo inalia hivyo hivyo, lakini sehemu sehemu tu. Hapo usitoboe, sogea pembeni.

Halafu toboa tundu moja la majaribio kwa biti ya milimita 6, mahali ambapo TV itapafunika. Weka karatasi nyeupe chini, uiegemeze ukutani, uangalie kinachodondoka. Vumbi la kwanza ni la lipu, kwa kawaida sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Baada ya hapo rangi inabadilika. Kijivu chenye chembe chembe ni bloku ya saruji. Nyekundu kama unga wa kigae ni tofali la kuchoma. Udongo laini unaotoka bila drili kuhangaika ni tofali mbichi. Nyuzi na maranda ni mbao. Na drili ikizama ghafla kama imeanguka shimoni, kuna uwazi ndani: tofali la matundu, au nyuma ya jipsamu. Tundu hilo moja litakuambia mengi kuliko maelezo ya dalali aliyekupangishia nyumba.

Sasa kila ukuta na dawa yake.

Bloku ya saruji iliyojaa ndiyo rahisi. Plagi ya nailoni ya milimita 10 na skrubu ya milimita 8 yenye kichwa cha spana, urefu milimita 70 au 80, inatosha TV za kawaida za nyumbani. Ubora wa bloku ni jambo jingine. Nyingi zinafyatuliwa mitaani, na wafyatuaji hawachanganyi saruji kwa kipimo kimoja. Kuna bloku unaikwaruza kwa msumari inamomonyoka. Ukikutana na ya namna hiyo, ongeza urefu wa skrubu na idadi ya matundu, usiongeze unene peke yake.

Tofali la kuchoma na tofali la matundu hayapendi bolti za chuma za kupanuka, zile ambazo mafundi wengi wanaziamini kuliko kitu chochote. Bolti hiyo inashika kwa kusukuma kuta za tundu. Kwenye zege ni sawa kabisa. Kwenye tofali dhaifu inalipasua kutoka ndani, na mpasuko hauuoni mpaka siku TV inashuka. Tumia plagi ndefu ya nailoni, na uitoe drili kwenye alama ya nyundo, izunguke tu bila kugonga, ili tofali lisimeguke.

Kwa tofali mbichi plagi yoyote ni bahati nasibu. Njia ya uhakika ni bolti inayopita ukuta mzima: unatoboa hadi upande wa pili, unaweka kipande cha bati nene au fleti baa (chuma bapa) nje, na nati inakazwa juu yake. Hapo TV inashikwa na unene wote wa ukuta. Ikiwa upande wa pili ni chumba cha jirani au barabara, achana na mpango huo, nunua stendi ya mezani na ufunge TV kwa mkanda isipinduke.

Nyumba ya mbao inataka nguzo, si ubao. Ubao wa kuta hizi ni mwembamba, hauwezi kubeba kitu. Tafuta mistari ya misumari. Misumari iliyopangana wima ndiyo inayokuonyesha nguzo ilipo. Tangulia na biti ya milimita 5, kisha funga skrubu ya milimita 8 moja kwa moja kwenye nguzo bila plagi. Kama nguzo zimepishana na matundu ya breketi, funga kwanza ubao mzito au plaiwudi ya milimita 18 kutoka nguzo hadi nguzo, halafu breketi iende juu ya ubao. Dawa hiyo hiyo ndiyo ya jipsamu. Fundi akikuambia kuna plagi maalumu za jipsamu, ni kweli zipo, na kwa picha ya harusi zinafaa.

Kilo na matundu ya nyuma

Breketi haichaguliwi kwa inchi. Inchi ni urefu wa kioo kutoka kona hadi kona, hauhusiani na uzito moja kwa moja. TV nyembamba za siku hizi za inchi 32 huwa na kilo 4 hadi 6, za inchi 43 kilo 7 hadi 10, za inchi 55 kilo 12 hadi 18 hivi. Zile nene za zamani, hasa plazma za mitumba, zinaweza kufika mara mbili ya hapo. Uzito umeandikwa kwenye karatasi ya nyuma ya TV au kwenye boksi. Kama hakuna, panda kwenye mzani ukiwa mikono mitupu, kisha panda ukiwa umeibeba TV, utoe.

Nyuma ya TV kuna matundu manne ya skrubu. Umbali wa matundu hayo unafuata kiwango kinachoitwa VESA, kinachotumiwa na karibu watengenezaji wote. Pima kwa milimita, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwanza ulalo kisha wima. Utapata 100 kwa 100, 200 kwa 100, 200 kwa 200, 300 kwa 300, 400 kwa 400 na kadhalika. Andika namba hizo kwenye simu, piga na picha ya mgongo wa TV.

Skrubu zenyewe ni M4 kwa TV ndogo, M6 au M8 kwa kubwa. Ingiza kwa vidole kwanza. Ikikataa kwa vidole, si ya hapo. Usiisaidie kwa bisibisi. Na ikiwa ndefu kupita kina cha tundu, itagonga vitu vya ndani. Watu wameua TV mpya kwa njia hiyo, wakidhani wanaikaza. Pima kina cha tundu kwa kijiti cha meno, jumlisha unene wa chuma cha breketi, hapo ndipo urefu wa skrubu unapopatikana. Kama matundu yamezama ndani ya mgongo wa TV, utahitaji vile vibomba vya plastiki vya kujazia nafasi, ambavyo huja ndani ya boksi la breketi.

Aina tatu, na kwa nini ya mkono ndiyo inayowaponza watu

Kuna isiyosogea kabisa, kuna ya kuinamisha juu na chini, na kuna ya mkono ambayo unaivuta na kuigeuza pande zote. Bei inapanda kwa mpangilio huo huo, na mzigo kwenye ukuta pia.

Chukua TV ya kilo 15. Kwenye breketi isiyosogea inakaa sentimita 2 au 3 tu kutoka ukutani, kwa hiyo skrubu zinabeba uzito unaoelekea chini, kazi ambayo plagi inaiweza vizuri. Sasa iweke kwenye mkono na uuvute sentimita 40. Kama bati la ukutani lina sentimita 20 kati ya skrubu za juu na za chini, nguvu inayozivuta skrubu za juu zitoke ukutani ni 15 mara 40, gawanya kwa 20: kilo 30. Mara mbili ya uzito wa TV yenyewe, na zinavuta kuelekea nje, upande ambao plagi ina udhaifu. Kila mtoto anapoigeuza aone katuni, zoezi linarudiwa.

Ushauri wangu hauna kona: sebule yenye makochi yanayoitazama TV uso kwa uso, nunua isiyosogea. TV ikikaa juu, kama baa, saluni au vibanda umiza, nunua ya kuinamisha. Ya mkono iache mpaka uwe na sababu ya kweli, kwa mfano TV moja inayotazamwa na sebule na meza ya chakula, na ukuta uwe wa bloku nzuri au zege.

Kwa walioko kwenye baa: juu ya usawa wa mlango kwa kawaida kuna lenta, mkanda wa zege unaozunguka nyumba. Ukiipata, bolti za chuma za kupanuka zinakaa humo vizuri sana. Drili ikigoma ghafla na biti ikaanza kulia, umegonga nondo; hama sentimita 3.

Dukani

Arusha, maduka ya vifaa vya umeme yaliyo kuzunguka Soko Kuu na kando ya barabara ya Sokoine yanatosha kulinganisha bei kwa asubuhi moja. Moshi, zunguka katikati ya mji kisha ushuke Mbuyuni. Usinunue duka la kwanza, na usiseme bajeti yako. Mazungumzo huwa hivi:

"Karibu kaka. Hii inabeba hadi inchi 65."

"Asante dada. Kilo ngapi?"

"Inabeba tu, wala usiwe na wasiwasi, watu wengi wanachukua."

"Naomba nione boksi."

Kwenye boksi tafuta kilo na namba za VESA. Chukua yenye uwezo wa angalau mara mbili ya uzito wa TV yako. Kwa kilo 10, tafuta iliyoandikwa 20 au 25 kwenda juu. Maandishi ya boksi lakini yanaandikwa na mwenye kuuza, kwa hiyo mtihani wa pili ni mikono. Itoe nje. Shika bati la ukutani ncha mbili ulikunje: likipinda, rudisha. Angalia kingo, kama zimekunjwa kuongeza nguvu au ni bati lililokatwa tu. Ya mkono ichunguze kwenye maungio, sehemu zilizochomelewa ziwe na mstari uliojaa, si vidonda viwili vitatu. Itikise, ikicheza dukani bila mzigo, nyumbani italegea zaidi. Hakikisha ina skrubu ya kufunga TV isinyanyuke kutoka kwenye reli, yaani bati la ukutani inapoangikwa.

Vifaa vya ukutani vilivyo ndani ya boksi viweke pembeni. Plagi zake mara nyingi ni fupi, na plastiki ni kavu. Kunja moja kwa vidole: nailoni nzuri inapinda na kurudi, mbaya inapasuka au kubaki imepinda. Pita hadiwea ununue plagi na skrubu zako, na washa pana za kuweka chini ya vichwa. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na TV. Dai risiti ya EFD, na mwelewane kwamba utabadilisha kama matundu hayatalingana.

Njia nyingine ya bei nafuu, ambayo watu wa Unga Limited na karakana za Moshi wanaijua, ni kuchomelewa breketi. Kwa isiyosogea ni kazi rahisi: fleti baa mbili za wima zenye unene wa milimita 3 hadi 4 nyuma ya TV, na engo (chuma cha kona) ya ulalo ukutani zinapoangikwa. Mpe fundi vipimo vya VESA kwenye karatasi, si kwa mdomo. Matundu yatobolewe kwa drili, yasichomwe kwa moto. Na asijaribishe kwenye TV huku bado anachomelea. Cheche zinaharibu kioo.

Urefu na mahali

Kaa kwenye kochi lako, mtu apime kutoka sakafuni hadi machoni mwako. Itakuwa mita moja na kitu. Katikati ya TV pawe hapo au juu kidogo. Mtindo wa kuipandisha karibu na dari unapendeza kwa picha, shingo ndiyo inayolipa.

Epuka ukuta unaopigwa na jua la dirishani mchana, ukuta wa jiko la mkaa, na ukuta unaopakana na bafu, kwa sababu ya mabomba na unyevu. Kuta za nje zinazolowa wakati wa masika nazo zichunguze. Rangi iliyovimba ni jibu tosha. Kisha angalia swichi na soketi. Nyaya za umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe mstari wa moja kwa moja juu au chini ya soketi yoyote. Zima umeme kwenye meini swichi kabla ya kutoboa na utumie drili ya betri, au vuta umeme kwa waya wa kurefusha kutoka kwa jirani. Volti 230 hazina utani.

Vipimo vya reli vinawachanganya wengi, ila ni rahisi. Laza TV kitandani kifudifudi juu ya shuka safi, funga vyuma vya wima mgongoni mwake. Pima kutoka ukingo wa chini wa TV hadi pale kulabu inapokaa kwenye reli. Tuseme ni sentimita 41. Unataka ukingo wa chini uwe sentimita 80 kutoka sakafuni. Basi mgongo wa juu wa reli unakaa 121. Chora mstari hapo kwa penseli, kwa pimamaji, si kwa kufuata dari. Dari nyingi haziko sawa.

Kutoboa na kufunga

Shikiza reli kwenye mstari, weka alama za matundu, manne au zaidi, mawili ya juu yakiwa mbali iwezekanavyo. Alama isiangukie kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali na tofali. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina: urefu wa skrubu, toa unene wa bati la breketi, ongeza sentimita moja. Plagi lazima ipite lipu yote na kukaa ndani ya tofali. Plagi iliyoishia kwenye lipu haijashika kitu.

Shika drili imenyooka, anza taratibu. Ukimaliza, toa vumbi lote kwa mrija wa soda, macho yakiwa yamefumbwa. Hatua hii mafundi wanairuka, wakati plagi iliyokaa juu ya vumbi inazunguka badala ya kung'ang'ania. Plagi iingie kwa kugongwa kidogo na nyundo. Ikiingia kwa kidole, tundu ni kubwa. Hapo ndipo utamwona fundi akiokota kijiti, anakichonga, anakisokomeza pembeni ya plagi na kukaza. Kinashika siku hiyo. Mbao ikikauka inasinyaa, na skrubu inabaki haina mwenyewe. Mwambie kwa heshima, "Fundi, tuweke plagi ya 12," au tusogeze tundu sentimita 5 na kuliziba lile la kwanza.

Kaza skrubu zote nusu nusu kwanza, angalia pimamaji tena, halafu maliza kwa spana. Ukisikia skrubu inakaza, inakaza, kisha inalainika ghafla, simama. Plagi imezunguka, toa, weka kubwa zaidi.

Jaribio la dumu

Kabla TV haijapanda, angika dumu la lita 20 lililojaa maji kwenye reli kwa kamba. Hiyo ni kilo 20 na ushee. Kwa TV ya kilo 10 ni mara mbili ya uzito wake, kipimo kile kile ulichotumia dukani. Kwa nzito zaidi ongeza dumu la pili. Kwa breketi ya mkono, angika kwenye ncha ya mkono ukiwa umevutwa hadi mwisho. Liache usiku kucha. Asubuhi angalia kama mwanya umetokea kati ya bati na ukuta upande wa juu, hata wa unene wa karatasi. Karatasi ikipita hapo, ukuta umekataa.

Likifaulu, chomeka kwanza nyaya zote nyuma ya TV, ikiwemo ya king'amuzi, maana kwenye breketi isiyosogea mkono hauingii tena. Watu wawili wainyanyue, kulabu zikae, kisha skrubu za chini za kuizuia isinyanyuke zifungwe. Usizidharau. Julai 2007 matetemeko yaliyoanzia Gelai, karibu na Ol Doinyo Lengai, yalitikisa Arusha, na TV iliyoangikwa tu bila kufungwa ndiyo ya kwanza kuruka relini. Breketi nyingine zina tundu la kufuli hapo hapo, ambalo pia linamchelewesha mwizi.

Waya wa umeme uache ulegee kidogo, usivutwe na uzito wa TV, na upitie kwenye gadi ya TV kwa ajili ya umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu.

Kaza tena skrubu za ukutani baada ya mwezi mmoja, kisha kila masika yakiisha. Ya mkono ikaze na maungio.

Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla ya kutoboa, na mkubaliane kama breketi inabaki au unaondoka nayo. Siku ya kuhama, plagi huchomolewa kwa kuingiza skrubu nusu na kuivuta kwa koleo. Matundu yanajazwa saruji yenye mchanga laini, yanapigwa msasa yakikauka, na kupakwa rangi ile ile ya ukuta.